Je, wajua kwa nini boksi la glasi haliandikwi weak?

Juzi nipo Kariakoo nasubiri mzigo, dogo mmoja wa mkokoteni kashusha boksi limeandikwa FRAGILE, akaniuliza bro hii maana yake nini, nikamjibu fasta, dhaifu. Akaniangalia. "Sa si ndo weak hiyo? Mbona hawajaandika weak?" Aisee nikakwama, na shule nimeenda.

Ila ukiliwaza vizuri, glasi sio weak bana. Ipange kabatini miaka kumi haina neno, mimina juisi utakavyo, ila iponyoke mkononi mara moja tu uone. Fragile ni kile kilicho rahisi kuvunjika, ndo maana hata nchi iliyotoka vitani jana amani yake wanaiita fragile, ipo, ila ukiigusa vibaya imepasuka. Weak yenyewe ni upungufu wa nguvu na inaingia kila mahali, signal ya simu ikiwa chini, beki wa kushoto anayepitwa kila dakika, hadi chai, ile ambayo majani yamesalimia tu maji yakaondoka.

Sasa frail ndo tamu. Frail na fragile ni ndugu, wote wametoka kwenye Kilatini fragilis, ila frail alipitia Kifaransa cha zamani, huko akachongwa chongwa midomoni mwa watu mpaka akabaki mfupi hivyo, ndo akaingia Kiingereza, fragile kaja baadaye mzima mzima. Wakagawana kazi. Fragile akachukua zaidi vitu, frail akachukua zaidi watu: bibi wa miaka 90 aliyekonda, anatembea huku ameshika ukuta, huyo ni frail. We una miaka 25 malaria imekulaza, uko weak tu, wiki ijayo upo uwanjani.

Infirm ipo pia, ya wazee na wagonjwa, ila mtaani huisikii.

Feeble wengi wanaibugi. Asili yake ni flebilis ya Kilatini, yani cha kuliliwa, na ile huruma ipo mpaka leo ila imechanganyika na dharau. Mtu anakaa Magomeni, kazi yake hapo hapo Magomeni, kachelewa masaa mawili afu anakwambia foleni ya Ubungo, hicho kisingizio ndo feeble.

Jumamosi nikamkuta tena yule dogo nikamwelezea yote. Akacheka. "Kumbe! Basi boksi lile fragile, ila huu mkokoteni wangu ndo weak." Na kweli, tairi moja lilikuwa limelala upande.