Urea Imeisha: Programu ya Duka Ikupe Mbadala Gani?

Masika imekolea. Mzee wa Kibosho anashuka Moshi mjini, anaingia duka la pembejeo, anaomba mifuko miwili ya urea. Kijana wa kaunta anaiandika kwenye kompyuta, stoo sifuri. Chini ya skrini inajitokeza CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, kwa sababu mwenye duka aliunganisha kundi la urea na kundi la CAN kuwa mbadala. Mzee anabebeshwa mifuko miwili ya CAN, anapanda daladala.

Hesabu yake haikukaa sawa. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13 tu. Mzee alitaka kilo 46 za naitrojeni, kaondoka na 26. Angetaka kuzifikia, angebeba mifuko mitatu na nusu. (Ni kweli urea isipofukiwa hupoteza sehemu ya naitrojeni hewani, na bwana shamba anaweza kushauri vingine. Hilo ni lake, si la kompyuta.)

Kuunganisha makundi kuna faida, sikatai. Kundi moja likiwa na bidhaa 12 na jingine 15, kuziunganisha moja moja ni viungo 180. Kwa makundi ni kiungo kimoja, na bidhaa mpya ikiingia kundini inakirithi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaweka tiki kwenye "mbadala" na kuishia hapo. Kiungo kinahitaji pia uwiano: mfuko mmoja wa urea kwa 1.77 ya CAN. Kama programu haina sehemu ya uwiano, andika onyo litakalomtokea muuzaji kabla hajatoa risiti.

Unganisha ngazi ya chini kabisa, si kundi zima la "Mbolea". Humo ndani kuna DAP, mbolea ya kupandia, ambayo nayo ina 46, ila hiyo ni fosfeti. Naitrojeni yake ni 18. Programu iliyojazwa "46" bila kutaja ya nini itampa mbolea ya kupandia mtu aliyetaka ya kukuzia.

Angalia na upande kiungo kinakoelekea. Kwenye duka la ujenzi, saruji ya daraja la nguvu la 42.5 inashika nafasi ya 32.5 kwa kazi nyingi, lakini fundi wa nguzo za ghorofa aliyeandikiwa 42.5 usimpe 32.5. Kiungo hicho kiende upande mmoja. Mnyororo nao uukate: urea kwenda CAN, CAN kwenda SA (mbolea ya salfeti ya amonia), mwisho mkulima wa kahawa anapewa SA, inayoongeza tindikali ya udongo kuliko hizo nyingine mbili.

Dawa za mimea mimi nashauri zisiunganishwe kwa makundi kabisa. Kutu ya majani na chulebuni yote ni magonjwa ya kuvu ya kahawa, lakini dawa ya moja si lazima itibu jingine. Lebo ndiyo inayosema zao gani na ugonjwa gani. Hapo muuzaji asome, au ampeleke mteja kwa mtaalamu.

Ukimaliza kupanga, fungua nakala ya majaribio, weka urea sifuri, andika mifuko miwili. Skrini ikikuletea "CAN, mifuko 2", rudi kwenye uwiano.