Je, wajua kwa nini hata kitabu cha kidijitali kina foleni maktabani?

Mkazi wa Seattle, Marekani, akifungua programu ya Libby kwenye simu yake ili aazime riwaya mpya inayosomwa na kila mtu, mara nyingi haipati palepale. Huelezwa kwamba nakala zote zimeshaazimwa, kwamba mbele yake kuna wasomaji wengine, na kwamba itambidi asubiri kwa wiki kadhaa. Wengi hushangaa, na wana haki ya kushangaa, kwa sababu faili haichakai, kuinakili hakugharimu chochote cha maana, na ingeweza kusomwa na watu 1,000 kwa wakati mmoja. Foleni hiyo haikuletwa na teknolojia bali na mkataba uliotiwa saini kati ya maktaba na mchapishaji.

Ili kuuelewa mkataba huo, tuanze na kitabu cha karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mchapishaji mmoja wa Marekani alipiga chapa ndani ya riwaya yake onyo kwamba hakuna ruhusa ya kuiuza rejareja chini ya dola 1. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1908 majaji wakaamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, hawezi tena kumpangia mnunuzi bei ya kuiuzia. Kanuni hiyo, iliyoingizwa baadaye katika sheria ya hakimiliki, ndiyo inayoiwezesha maktaba kununua kitabu mara moja, kukimiliki, na kukiazimisha mpaka gundi ya mgongo wake iachie.

Kitabu cha kidijitali, kwa kawaida, hakiuziwi maktaba. Hukodishwa kwa leseni. Leseni iliyozoeleka hudai kwamba nakala moja isomwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kana kwamba ni ya karatasi, na zaidi ya hapo huwekewa ukomo. Mwaka 2011 HarperCollins ilitangaza kwamba leseni zake zitakwisha baada ya kuazimwa mara 26, idadi ambayo kwa mkopo wa wiki mbili mbili ni sawa na mwaka mmoja. Wakutubi wa Oklahoma walijibu kwa video, wakavishika mkononi vitabu vya karatasi vya mchapishaji huyohuyo, vilivyokuwa vimeazimwa kupita kiwango hicho na bado vinasomeka vizuri. Kwa maoni yangu, hoja yao haijapata jibu mpaka leo.

Wachapishaji wengine walichagua muda badala ya idadi. Tangu mwishoni mwa 2018, Penguin Random House hutoa leseni za miaka 2, na kwa kitabu kipya cha watu wazima bei iliwekwa kufikia dola 55. Hebu tupige hesabu. Kila msomaji akikaa na kitabu siku 21, nakala moja huhudumia watu 17 tu kwa mwaka. Watu 170 wakipanga foleni na maktaba ikataka kuimaliza ndani ya mwaka huo, italazimika kulipia leseni 10, yaani dola 550 kwa kitabu kimoja, na baada ya miaka 2 zote zitakuwa zimekufa.

Mivutano ilifuata. Novemba 2019 kampuni ya uchapishaji ya Macmillan iliamua kwamba mfumo mzima wa maktaba, hata wa jiji kubwa, upate nakala moja tu ya kitabu kipya kwa wiki 8 za mwanzo. Baadhi ya maktaba zilisusa, na Machi 2020 uamuzi huo ukafutwa. Jimbo la Maryland lilitunga sheria ya kuwataka wachapishaji waziuzie maktaba leseni kwa masharti ya haki, lakini mwaka 2022 mahakama iliitangua kwa kuwa iligongana na sheria ya hakimiliki ya taifa. Huko Ulaya upepo ulivuma kinyume: Novemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba kuazimisha nakala moja ya kidijitali kwa msomaji mmoja kunaweza kuhesabiwa sawa na kuazimisha kitabu cha karatasi.

Wakati huohuo maktaba hazikukaa zikingoja. Ya Seattle ilipunguza vitabu vya kidijitali ambavyo mtu anaweza kuviwekea oda kwa wakati mmoja, kutoka 25 hadi 10. Nyingine hutumia huduma kama Hoopla, ambapo hakuna foleni kwa kuwa maktaba hulipa kila kitabu kinapoazimwa, lakini hapo msomaji huwekewa kikomo cha mwezi ili bajeti isikauke. Vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya, ambavyo huujua ugumu wa namna hii kupitia majarida ya kitaaluma, vimeungana katika miungano ya maktaba, COTUL kwa Tanzania na KLISC kwa Kenya, ili vijadili bei kwa sauti moja.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kisicho na foleni. Kitabu cha karatasi ambacho hakijaazimwa kwa miaka 10 bado kipo rafuni, na mwanafunzi akija kukitafuta kesho atakipata. Leseni ya kitabu cha namna hiyo ikiisha, mkutubi hukikuta katika orodha ya vinavyosubiri kulipiwa upya, anatazama fedha zilizobaki, na mara nyingi anazipeleka kwenye kitabu kinachosubiriwa na watu 170.