Mtoto wa Mkenya Aliyezaliwa Saudia Tayari ni Mkenya

Akina mama wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia wanazidi kutuuliza wafanye nini ili watoto waliowazaa huko wapewe uraia wa Kenya. Hawapewi, wanao tayari. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu yeyote ambaye mama au baba yake alikuwa raia siku aliyozaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje. Hakidai ndoa wala sahihi ya baba. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado kuna jamaa wanaowaambia mabinti zao kwamba mtoto asiye na baba wa kumtaja hana kwao.

Wengine wanadhani akizaliwa Riyadh basi ni Msaudi. Sivyo, hata akulie huko.

Kinachokosekana ni karatasi, na hapo shida ni ya kweli. Hospitali za huko hutaka cheti cha ndoa, na uhusiano nje ya ndoa ni kosa la jinai. Kwa hofu hiyo wapo wanaojifungulia vyumbani, mtaani Manfuha jijini Riyadh, bila mkunga. Tunaijua hofu hiyo na hatumlaumu mama yeyote.

Mama afike ubalozini mwenyewe, pamoja na mtoto. Pasipoti ikiwa imezuiwa na kafili (mwajiri anayemdhamini huko), aje na namba ya kitambulisho cha taifa. Alete karatasi yoyote inayomtaja mtoto, hata kadi ya chanjo. Penye shaka, kipimo cha DNA kinaweza kuhitajika. Hati ya dharura ya kusafiria ikitoka, bado kuna kibali cha kutoka nchini, nacho hutolewa na mamlaka za Saudia, si ubalozi. Muda wake hatuwezi kuuahidi.

Tafadhali, usimkabidhi mtoto ajenti anayejitolea kumsafirisha kwa jina la mama mwingine. Huo ni udanganyifu, na unaweza kumpoteza mtoto kabisa. Anayepatikana na hatia ya ulanguzi wa binadamu chini ya Sheria ya Kenya ya 2010 hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Hati ya dharura humfikisha nyumbani tu. Akishafika, mama aendelee kufuatilia usajili wa mtoto, asingoje shule iulize.