Novumu si kifaa

Anayesoma fasihi ya kubuni ya kisayansi katika kozi ya chuo ya mtandaoni hukutana na dhana ya novumu mapema, na mara nyingi huikuta imeshaharibiwa. Kwenye majadiliano ya wiki mmoja anaandika kwamba novumu ya riwaya ni chombo cha anga, mwingine anasema ni roboti, wa tatu anaziorodhesha kumi na mbili. Hiyo ni orodha ya vifaa tu.

Maana yenyewe ni fupi. Novumu ni jambo jipya la kubuni, ambalo halikuwepo katika ulimwengu wa mwandishi alipokuwa akiandika, linaloitawala hadithi nzima na kuendeshwa kwa mantiki ya sababu na matokeo. Aliyeiingiza dhana hii katika uhakiki wa bunilizi ya kisayansi ni Darko Suvin, mzaliwa wa Zagreb aliyefundisha Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1979. Yeye aliichukua kwa Ernst Bloch, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliyeitumia kuelezea upya unaozuka katika historia na kuwafungulia watu uwezekano ambao hawakuwa nao. Bloch hakuwa akizungumzia mitambo.

Sharti linalosahaulika zaidi ni lile la kutawala. Chukua The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1969, ambayo hupangwa katika kozi nyingi za aina hii. Mjumbe Genly Ai anafika kwenye sayari ya Gethen akiwa na ansible, kifaa kinachopeleka ujumbe papo hapo hata kati ya nyota na nyota. Kifaa chenyewe kinavutia, tena mjumbe anamwonyesha mfalme jinsi kinavyofanya kazi, basi wanafunzi wanakidaka: novumu hii hapa! Siyo. Novumu ya riwaya hiyo ni watu wa Gethen wenyewe, ambao hawana jinsia ya kudumu. Kwa siku 21 au 22 za mzunguko wao wa siku 26 hadi 28 hawana hamu ya kujamiiana kabisa. Baada ya hapo huingia kipindi kiitwacho kemmer, ambamo yeyote anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Aliyezaa watoto kadhaa anaweza pia kuwa baba wa wengine kadhaa.

Tazama jambo hilo moja linavyosambaa. Ukoo unahesabiwa kwa aliyebeba mimba. Hakuna anayelazimishwa kufanya kazi akiwa katika kemmer, kwa hiyo kila mtu ana mapumziko yake ya kila mwezi. Mfalme anapata mimba, na hilo linakuwa suala la urithi wa kiti. Naye Ai, ambaye jinsia yake haibadiliki, wenyeji wanamwona kama mtu mwenye kasoro. Sheria, kazi, siasa na urafiki vyote vimepinda kuifuata novumu. Ansible inaweza kubadilishwa na redio ya kawaida yenye kuchelewesha ujumbe, na sehemu kubwa ya kitabu isitikisike.

Jaribio la kuondoa ndilo kipimo kizuri kuliko vyote, na linafaa hata pale ambapo kifaa kimo kwenye jina la kitabu. Katika The Time Machine ya H. G. Wells, ya mwaka 1895, ondoa mashine, umlaze msafiri usingizi mzito hadi mwaka 802,701. Bado ataamka kati ya Eloi, waliotokana na matajiri, na Morlocks, waliotokana na wafanyakazi, aina mbili za viumbe zilizotokana na binadamu waliogawanyika, na swali la matabaka litabaki lilipo. Wapo watakaotetea mashine, na hoja yao ina uzito, kwa sababu bila mashine msafiri hasongi mbele zaidi hadi ufukwe wa dunia inayokufa. Mjadala wa namna hiyo ndio wenye faida. Kutaja mashine kwa kuwa ni mashine hakuzai mjadala wowote.

Kosa la pili ni kuupima upya wa jambo kwa macho ya leo. Nyambizi ya Jules Verne katika riwaya ya Twenty Thousand Leagues Under the Sea, iliyoanza kuchapishwa kwa mfululizo mwaka 1869, haipotezi hadhi yake kwa sababu nyambizi zenye uwezo kama wake sasa zipo. Mwaka wa kuandikwa ndio mizani. Na neno mantiki nalo lisieleweke kuwa ni sayansi sahihi. Wells haelezi mashine yake inavyosafiri kwa namna ambayo fundi angeweza kuiunda. Kinachotakiwa ni hadithi kulichukulia jambo lake kama kitu chenye sababu na matokeo, kisichotokana na uganga wala muujiza.

Kwa insha ya kozi, anza na sentensi moja tu inayosema ulimwengu wa hadithi unatofautianaje na ule wa mwandishi mwaka ule. Ikihitaji "na pia" mara tatu, hujaipata bado. Kisha tafuta matokeo matatu katika nyanja tofauti, kila moja na ukurasa wake. Hapa nakala ya kielektroniki huwaponza wengi: wanatafuta jina la kifaa, wanakuta limetajwa mara nyingi, wanaridhika. Wingi wa kutajwa haupimi kutawala. Hali ya watu wa Gethen inafanya kazi hata katika kurasa ambazo neno kemmer halipo.

Basi mwenzako akiandika kwamba novumu ni ansible, usimwambie amekosea kabisa. Ameona kitu kipya, ila kidogo. Mwombe akiondoe kifaa hicho, kisha aeleze ni kitu gani kimebadilika katika namna mfalme anavyopata mrithi.