Picha ya mtaani sio kupiga chabo

Jumamosi iliyopita tena. Dogo kaingia studio kwangu ya picha hapa Mwanga, Kigoma, na kamera ya kuazima, lenzi imechomoza kama mtarimbo, anataka nimfundishe picha za mtaani. Nikamwambia poa, kesho asubuhi twende Kibirizi, pale ziwani, tukakae na watu wa mwaloni wanaofanya kazi ya dagaa. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Bro, si watajua tunawapiga? Ukiomba ruhusa picha inakufa."

Hiyo sentensi nimeisikia mpaka nimeacha kuhesabu. Kwa madogo, kwa wateja wa harusi, hadi kwa jamaa mtu mzima kabisa katoka Dar na begi la kamera lenye bei kuliko pikipiki yangu. So leo naandika ili mkija mje mmeshasoma, nisirudie.

Picha inakufa ukifika, ukaomba, alafu ukapiga sekunde hiyo hiyo na kuondoka. Hapo ndo mtu anajikausha, anavuta mtandio, anakupa sura ya kitambulisho cha NIDA. Sasa hapo kosa ni la ruhusa au la haraka zako? We omba, piga hiyo ya pozi, muonyeshe acheke, alafu usiondoke. Kaa. Agiza chai. Uliza dagaa leo kisado kinaendaje. Hakuna binadamu anayeweza kushika pozi dakika ishirini huku mzigo unamsubiri na jua linapanda, lazima arudi kwenye kazi yake, na we unakuwa kama ndoo tu iliyosahaulika pembeni, hamna mwenye habari na wewe. Kamera ianze kazi hapo.

Kuna mama mmoja anaanika dagaa kule mwaloni, siku ya kwanza alinikatalia kabisa, akaweka ungo usoni. Nikamwambia sawa mama, samahani, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake ili aone kwa macho. Kesho yake nikapita nikampa shikamoo tu, nikaendelea na safari. Siku ya tatu akaniita mwenyewe, "We baba, leo na likamera lako hupigi?" Asubuhi hiyo nikapata picha ambayo mpaka leo sijapata nyingine ya kuizidi: ameinama, anatawanya dagaa kwa viganja viwili, dagaa ziko hewani bado hazijatua, zinang'aa kama misumari mipya, na mdomo uko wazi maana kuna kunguru alikuwa anamnyemelea na yeye alikuwa anamtukana. Hajanitazama, hajapozi, na alijua kabisa nipo mita mbili kutoka kwake. Nikaisafisha nikampelekea. Sasa hivi nikifika wenzake wanalalamika kwanini yeye tu.

Watu wa ruhusa-inaua-picha huwa wananitajia Cartier-Bresson, yule mpiga picha maarufu Mfaransa, kwamba alikuwa anabandika utepe mweusi kwenye kamera yake ya Leica isiwake watu wasimuone. Kweli alibandika. Ila picha zake nyingi alipiga na lenzi ya milimita 50, na kwa 50 huwezi kunyonya sura ya mtu toka ng'ambo ya barabara, lazima usogee. Na ngoja niwape nyingine kuhusu huyo huyo. Alisema mwenyewe picha iliyomsukuma kushika kamera ni ya mpiga picha Mhungari, Martin Munkácsi, ya mwaka 1930 hivi, watoto watatu wanakimbilia majini, migongo kwetu. Miaka nenda rudi imeandikwa chini yake kwamba ni Ziwa Tanganyika. Ziwa letu hili! Maelezo mengine yanasema ni Liberia, yaani hayo maji ni bahari ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa Afrika. Picha inasifiwa dunia nzima zaidi ya miaka 90 na kote nilikoiona hamna jina la mtoto hata mmoja, na nchi yenyewe wanabishania. Mi kila nikiiona naumia, maana naipenda kweli.

Na sio kwamba mimi nilizaliwa mwema. Zamani nilikuwa na zumu ya 70-300, yaani lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, na nilijiona mwindaji. Siku moja nikiwa nje ya stesheni nikamvuta jamaa kwa mbali amebeba gunia, mishipa ya shingo imesimama, jua la jioni linampiga ubavuni, jasho linaonekana tone kwa tone. Nikaposti, like zikamwagika. Siku chache baadae akanitafuta. Hakuja na fujo, alikaa kwenye benchi la wateja akaniuliza taratibu, "Kaka, nilikukosea nini?" Kumbe ukweni wanajua ni karani. Kwa macho yangu ile picha ilikuwa inamheshimisha. Kwa macho yangu mimi. Nilifuta ila ilishaingia kwenye magrupu ya Wasap, na huko hamna anayefuta. Hujui mtu barabarani anamkimbia nani, mwingine anakimbia watu wa kausha damu, mwingine kaaga anaenda msibani na we unamuweka insta yuko Ujiji anakula miwa. Ile zumu niliuza wiki hiyo hiyo.

Haya mengine fasta fasta.

"Barabarani ni mahali pa wazi, sheria haina neno." Ina neno. Faragha iko kwenye Katiba ibara ya 16, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake ya kupelekea malalamiko. Sura inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Mi sio wakili, ila ukitaka kuitumia kwenye tangazo la biashara pata sahihi kwenye karatasi, usilete habari za "alitabasamu". Na bandarini, polisi, kambini, usiinue kamera hata kama machweo yanakuita kwa jina.

"Si nimempa buku." Buku imenunua pozi. Haijanunua ruhusa ya kuposti, na kesho mpiga picha anayekuja nyuma yako ataombwa mbili. Peleka picha iliyosafishwa, hiyo inakaa ukutani.

"Watoto wenyewe wanapenda." Wanapenda, watakukimbilia mpaka wakuangushe. Mtafute mama yake. Hayupo? Basi piga miguu, vivuli, mpira wa makaratasi, uondoke.

"Nimefuta mbele yake, yameisha." Umeipeleka kwenye kapu la simu, na huko inakaa wiki kadhaa. Fungua kapu, ifute na huko, akiwa anaangalia.

"Bila zumu siwezi kuwahi tukio." Unaweza, tena unawahi zaidi. Chukua lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa), weka tundu la lenzi f/8, foksi ya mkono mita 3, spidi 1/500, na kila kitu kuanzia kama mita 2 mpaka 7 hivi kiko shapu, kamera haina cha kutafuta, unainua na kubonyeza. Alafu mchanga wa Kibirizi saa nne asubuhi unaidanganya kamera, inadhani kuna mwanga mwingi mno na sura zetu zinazama kwenye giza, kwahiyo ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Hii ya stopu moja nimeisema mpaka koo limekauka na bado mnaniletea watu wasio na macho.

"Ukiifanya nyeusi na nyeupe inakuwa ya kisanii." Picha mbovu ikitolewa rangi ni picha mbovu isiyo na rangi.

Dogo tulienda nae Jumapili. Nilimnyang'anya mtarimbo wake nikamuazima 35 yangu, nikamuacha kwa yule mama wa ungo. Hakupiga hata picha moja. Kafika saa tano amebeba dagaa kisado kizima, kauziwa bei ya mgeni, ananiuliza kesho tunatoka saa ngapi.