Umeweka, hujahifadhi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha kamati ya TEHAMA, ajenda ikiwa kuchagua mfumo ambao chuo kizima kitatumia kuweka mafaili na kuyafanyia kazi kwa pamoja. Kwa saa mbili neno "hifadhi" lilitupwa huku na huku kama mpira wa chandimu. Mkuu wa idara moja alisema mitaala yake "imehifadhiwa Drive", ile huduma ya Google ya kuweka mafaili mtandaoni. Mwenzake akasema matokeo ya mitihani "yamehifadhiwa kwenye wingu", yaani kwenye kompyuta za mtandaoni. Wa tatu, bila kupepesa macho, akasema tasnifu "zinahifadhiwa" kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi. Katibu akaandika yote matatu kwenye safu moja.

Maana yenyewe ni fupi. Kuhifadhi faili ni kuhakikisha litapatikana hata kama aliyeliandika amelifuta, kompyuta imeibiwa, akaunti imefungwa au ofisi imeungua. Ambalo halijafika hapo limewekwa tu. Kuweka si dhambi, sote tunaweka, ila tusiite kwa jina lisilo lake.

Kinachoniuma ni kwamba neno hili tumelirithi likiwa na uzito, tukaligeuza kabati. Mzizi wake ni wa Kiarabu, h-f-dh, na kiini chake ni kulinda. Ndiyo maana tunasema "Mungu akuhifadhi" na mtu haelewi kwamba anaombewa awekwe stoo. Ndiyo maana wanaolinda mambo ya jadi tunawaita wahafidhina, na mifuko ya pensheni tunaiita ya hifadhi ya jamii. Serengeti haikuwa hifadhi ya taifa kwa sababu nyumbu wapo pale, maana nyumbu walikuwapo kabla ya mtu yeyote kuiandikia sheria. Ni hifadhi kwa kuwa ina mipaka, ina askari, na kuna atakayeulizwa mnyama akipotea. Kila mahali neno hili linapokwenda, linakwenda na mlinzi wake.

Waliopita madrasa wanalijua kwa upande mwingine, ambao mimi nauona ndio mzuri zaidi. Huwezi kumwambia ustadhi umehifadhi juzuu kwa kuwa msahafu uko mkobani mwako. Hata ukisoma usiku kucha, bado. Asubuhi unakaa mbele yake, msahafu unafungwa, unasoma kwa moyo, naye anakusikiliza. Ukikwama aya ya tatu, hujahifadhi, rudi nyuma. Kumbe basi kuhifadhi kulikuwa na mtihani ndani yake tangu zamani, kabla hata mhandisi wa kompyuta hajasema kwamba nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haina tofauti na kutokuwa nayo.

Sasa tazama lilivyoingia kwenye kompyuta. Kwa Kiingereza, neno "drive" kwenye mashine ni kiendeshi, kile chombo cha kuzungusha diski. Halimwahidi mtu ulinzi wowote, linaahidi kuzungusha. Lilipokuja kwetu, Google Drive ikaandikwa "Hifadhi ya Google", na ghafla jina likabeba ahadi ambayo la asili halikuwa nayo. Simlaumu mtafsiri. "Kiendeshi cha Google" kingechekwa. Mimi ningependa "Kabati la Google", lakini hakuna aliyeniuliza.

Neno ambalo watafsiri walilipata barabara ni "kusawazisha", hilo la kufanya mafaili ya kwenye kompyuta na ya mtandaoni yafanane. Wengine husema kulandanisha, nalo ni sahihi, ila la kwanza lina faida: kila shabiki wa mpira analielewa. Kusawazisha ni kufanya pande mbili zilingane. Huku moja, huko moja. Na huku sifuri, huko sifuri. Mashine haina timu inayoishangilia. Haijui kwamba ulitaka upande wenye faili ndio ushinde.

Mwaka juzi mwanafunzi wa uzamili aliingia ofisini kwangu, akaweka kompyuta mpakato mezani kabla hata ya shikamoo. "Dokta, mtandao umekula sura ya nne." Kompyuta ilikuwa imejaa, kila dakika inamletea ujumbe wa kupunguza vitu. Akaona folda ya tasnifu ni nzito kwa sababu ya rekodi za mahojiano, na kwa kuwa "imeshahifadhiwa mtandaoni", akaifuta kwenye kompyuta. Mtandao haukula kitu. Ulisawazisha. Folda ikatoka kwenye kompyuta, ikatoka mtandaoni, ikatoka na kwenye simu yake ilipopata bando. Aligundua baada ya mwezi na nusu, aliporudi kutoka kijijini kukusanya data za nyongeza.

Hizi huduma zina pipa la taka, na pipa lina siku zake. Google Drive husafisha pipa baada ya siku 30. OneDrive, mwenzake wa Microsoft, kwa akaunti ya chuo au kazini huacha siku 93. Kwa akaunti ya chuo iliyo chini ya Google, msimamizi wa mfumo ana siku 25 nyingine za kuvirejesha vilivyokwishatoka kwenye pipa. Kijana wangu alikuwa anatumia akaunti yake binafsi, ambayo haina msimamizi wa kupigiwa simu. Rekodi za mahojiano tulizipata kwenye kinasa sauti alichoazima kwa rafiki. Sura aliiandika upya.

Kuhusu kushirikiana nitapita haraka, ingawa ndiyo iliyokula muda mrefu zaidi kikaoni. Swali la maana ni moja tu: faili ni la nani? Folda ya mitihani ikifunguliwa kwa akaunti ya katibu muhtasi, mwenye folda ni yeye, hata kama watu thelathini wanaandika ndani yake. Akistaafu, akaunti ikafutwa bila mtu kuhamisha umiliki, vyake vinaondoka naye. Kwa Google msimamizi ana siku 20 za kuirudisha akaunti hiyo. Ndiyo sababu Google wana hifadhi za pamoja (shared drives), ambamo mwenye mali ni taasisi, na kwa upande wa Microsoft kuna SharePoint. Idara iwekwe humo, mtu binafsi abaki na kabati lake. Na atakayependekeza Nextcloud, programu ya kuweka mafaili unayoiendesha mwenyewe, kwenye seva yetu, nampenda, ila akumbuke kwamba hapo mlinzi ni sisi, na jenereta ni letu.

Halafu kuna suala la nafasi. Kuna mjumbe alisisitiza kwamba vyuo hupewa nafasi isiyo na kikomo. Zamani, ndiyo. Google walitangaza mwaka 2021 kwamba watu wote wa kila taasisi watagawana terabaiti 100, yaani gigabaiti 100,000, na kwa vyuo vilivyokuwa tayari wateja utaratibu ukaanza Julai 2022. Microsoft nao wakafuata na terabaiti 100 mwaka 2024. Gawanya hizo kwa watu 20,000, wanafunzi na wafanyakazi, kila mmoja anabaki na gigabaiti 5. Akaunti ya bure ya Gmail ina 15. Kwa hiyo msishangae wanafunzi wakikimbilia akaunti zao binafsi, huko kusiko na msimamizi.

Kwa nakala ya akiba, wapo waliochukua neno "chelezo", lile boya linaloelea juu ya maji. Nalipenda kwa kuwa mvuvi hufunga chelezo kwenye nyavu akijua kabisa kwamba nyavu zitazama. Lakini hata chelezo kinahitaji mtu wa kukitazama. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili kama milioni 34, za vikundi 14 vya watafiti. Hapakuwa na mwizi wala moto. Iliyofuta ni programu ileile ya kutengeneza nakala za akiba, iliyobadilishwa huku ikiwa bado inafanya kazi. Data za vikundi vinne hazikurejesheka. Na hao ni watu wenye kompyuta kuu, sisi hapa bado tunabishana nani ana nywila ya akaunti ya idara.

Mjumbe wa WhatsApp alinifuata baadaye kwenye chai, akaniuliza kama namwona mjinga. Hapana, mzee wangu. Wewe umetuma. Yule mwingine ameweka, na yule wa kwanza amesawazisha. Ni vitendo vitatu vizuri, na vyote mfumo wowote tutakaochagua utavifanya bila shida.

Kwa hiyo ombi langu kwa ndugu katibu, kabla muhtasari haujasainiwa, ni dogo. Ile safu iliyoandikwa "Mfumo wa hifadhi" isomeke "Mahali pa kuweka na kushirikiana". Chini yake iongezwe safu moja, hiyo ndiyo iitwe "Hifadhi", iachwe wazi mpaka tuandike jina la atakayejaribu kurejesha faili lililofutwa, na tarehe atakayofanya hivyo mbele yetu.