Tableti ya kalamu: kibao kisicho na kioo

Ingia duka la kompyuta uombe "tableti ya kuchorea", na huenda ukaletewa kishikwambi, kile chenye kioo ambacho makarani wa Sensa ya 2022 walizunguka nacho nyumba kwa nyumba Tanzania. Si hicho. Tableti ya kalamu ni kibao chembamba cha plastiki, aghalabu cheusi, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuja na kalamu yake. Hakionyeshi kitu, na peke yake hakina kazi. Mgeni akikiona mezani hudhani ni kile kitambaa cha kuwekea kipanya. (Zipo zenye skrini ndani yake, unachora palepale unapotazama. Hizo ni ghali zaidi, na kwa anayeanza naona hazina ulazima.)

Ili kukielewa, anza na kipanya. Kipanya husukuma. Kisogeze kidogo kushoto, na kishale kitakwenda kushoto kutoka popote kilipokuwa. Ukiishiwa nafasi mezani unakiinua, unakirudisha, unaendelea. Kalamu haisukumi, inaonyesha. Kila nukta ya kibao ina mwenzake kwenye skrini: pembe ya juu kulia ya kibao ndiyo pembe ya juu kulia ya skrini, na ukiigusa kishale kinakuwa pale, hata kama sasa hivi kilikuwa chini kushoto. Aliyezoea kipanya, siku ya kwanza hukwangua kibao kama anayefuta vumbi, akiinua kalamu na kuirudisha katikati, halafu anashangaa kishale kinaruka kama panzi. Hakijaharibika. Kimefuata kalamu.

Kigumu zaidi ni macho. Mkono uko mezani, mstari unatokea mbele yako kwenye skrini, na kila ukiinama kutazama mkono unaupoteza mstari. Lakini fundi cherehani hatazami miguu yake inavyokanyaga, anatazama kitambaa. Kalamu nayo ni hivyohivyo. Usiichukue kwa kuchora tu. Itumie kutwa nzima kufungua mafaili na kusoma barua pepe, uweke kipanya mbali kabisa. Mkono huzoea haraka kwa kazi ambazo hazikutishi.

Kibao na kipanya ni marika. Mwaka 1964, huko California, taasisi ya utafiti ya RAND ilitoa kibao chake cha inchi 10 kwa 10, chenye uwezo wa kutambua zaidi ya nukta milioni moja, na miaka hiyohiyo kundi la mhandisi Douglas Engelbart lilikuwa likitengeneza kipanya cha kwanza cha mbao. Kipanya kilikuwa rahisi kuunda, kikaingia maofisini. Kibao kikabaki kwa wachoraji na wahandisi.

Kalamu nyingi za siku hizi hazina betri, na hapo ndipo watu huuliza inakuwaje. Chini ya plastiki kumetandazwa wavu wa nyaya nyembamba zinazotoa mawimbi ya sumaku-umeme. Ndani ya kalamu mna koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, inayopokea nguvu hiyo na kuirudisha kama mwangwi. Kibao hutuma, kisha husikiliza, mara nyingi sana kwa sekunde. Nyaya zilizosikia mwangwi kwa nguvu zaidi ndizo zilizo chini ya ncha. Ukiikandamiza ncha, mwangwi hubadilika kidogo, na kibao kinajua umebonyeza kwa uzito gani. Mstari unanenepa au kukolea kulingana na mkono wako, jambo ambalo kipanya hakiliwezi. Wacom ya Japani, iliyoanzishwa 1983, ndiyo iliyoieneza njia hii. Leo Huion na XP-Pen za China zinauza vibao vya aina hiyo kwa bei ya chini zaidi.

Kwa kuwa ni mawimbi, kalamu husomeka hata ikiwa imeinuliwa milimita chache, na hata ikiwa kuna karatasi katikati. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa na korosho ya khanga uliyoichora kwa penseli, iweke karatasi juu ya kibao, ibane isicheze, ufuatishe mistari yake kwa kalamu hadi ndani ya Inkscape au Krita, ambazo ni programu za bure.

Nje ya uchoraji, anayesafisha picha za harusi ndiye atakayefaidi zaidi, kwani kufuta chunusi au kuzungushia ukingo wa shela kwa kipanya ni adhabu. Mwalimu wa hesabu anayefundisha mtandaoni anaandika milinganyo kwa mwandiko wake. Karani anatia sahihi hati bila kuichapa, kuisaini na kuiskani upya. Na mwenye maumivu ya kifundo cha mkono anaweza kupata nafuu kwa kubadilisha namna ya kushika, ingawa si dawa. Kuandika maandishi marefu, hapana, kibodi ipo.

Kuna mambo mawili yanayowafanya watu wakirudishe kibao kabatini. Moja ni duara kutoka kama yai. Hii ni kwa sababu umbo la kibao halilingani na la skrini, na huwa baya zaidi ukiwa na skrini mbili, maana kibao kimoja kinatandazwa kwenye zote. Fungua draiva, yaani programu ya kibao iliyo kwenye kompyuta, chagua skrini moja, kisha uweke tiki kwenye kulinda uwiano. Jingine ni kubofya mara mbili: mkono hutikisika, bofyo la pili linaangukia kando. Kabidhi kazi hiyo kwa kitufe cha ubavuni mwa kalamu.

Wakati wa kununua, usibabaishwe na tarakimu 8192 iliyoandikwa kwenye boksi kama idadi ya viwango vya mgandamizo. Vya zamani vilikuwa na 1024 na watu walichora vizuri tu. Cha kujaribu dukani ni kama mstari unaanza ukigusa kwa wepesi kabisa, au mpaka ukandamize. Na ukubwa: cha kiasi cha karatasi ya A5 kinatosha kwa anayetumia laptopu, ila anayechora kwa kuzungusha mkono mzima kutoka begani atataka kikubwa zaidi.

Ncha nayo huliwa taratibu kwa kusuguana na kibao. Ikishachongeka upande mmoja kama chaki, ing'oe kwa kibanio kilichokuja nayo uchomeke nyingine, kabla haijaanza kuchora mifereji. Za akiba mara nyingi zimo ndani ya kile kisimamio cha kalamu, ambacho wengi hawajui kuwa kinafunguka.